Ng'ombe, Kibao na Klampu: Nani Alisema Gari Lilipe Kodi?

Kama unaishi kwenye fleti Nairobi, kuna karatasi ambayo umeshaiona, na kama bado, iko njiani. Hubandikwa ndani ya lifti au ukutani karibu na mita za stima, na mara nyingi huwa na mistari mitatu tu. Kuanzia mwezi ujao kila gari litalipiwa kiasi fulani. Gari lisilolipiwa litafungwa klampu. Kwa amri ya usimamizi. Haina sahihi wala jina, na nambari ya simu iliyoandikwa hapo chini ni ya soja wa geti.

Kwetu ilikuja Januari, mwezi ambao kila mtu ameshamaliza pesa. Shilingi 2,500 kwa mwezi, na 3,000 za kufunguliwa ikiwa umefungwa. Kundi letu la WhatsApp halikulala siku hiyo. Kuna waliosema tulipe tu tuishi kwa amani, na kuna waliosema hawatoi hata ndururu. Lakini ukisoma zile jumbe zote, ubishi ulikuwa juu ya bei: 2,500 ni nyingi sana, basi 1,000 je? Hakuna aliyeuliza swali lililotangulia bei. Haki ya kutoza pesa hizi ilitoka wapi? Nani alikuwa wa kwanza kushika gari la mwenzake na kumwambia lipa kwanza, ndipo nikufungulie?

Nilisoma historia chuoni, na huo ni ugonjwa usiopona, kwa hivyo nikaanza kuchimba. Nilichokipata kilitusaidia kuliko kelele zote za kundi.

Jibu la zamani zaidi linahusu ng'ombe. Katika sheria ya zamani ya Kiingereza, ile iliyojengwa na hukumu za majaji kabla ya Bunge kutunga nyingi za sheria zake, mifugo ya jirani ikiingia shambani mwako na kula mimea, uliruhusiwa kuishika na kuizuia mpaka jirani akulipe hasara. Wakulima na wafugaji wa hapa kwetu hawahitaji kufafanuliwa ugomvi huo. Ila ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka. Lazima mnyama awe ameharibu kitu. Na unacholipwa ni hasara yenyewe, si faini uliyoipanga mwenyewe ukiwa na hasira.

Utauliza, ng'ombe wa Mwingereza ananihusu nini mimi wa Roysambu? Anakuhusu kwa sababu Sura ya 8 ya sheria za Kenya inaziambia mahakama zetu kwamba, pale ambapo sheria yetu wenyewe imenyamaza, na kwa kadiri hali ya watu wa Kenya inavyoruhusu, zitumie misingi ya sheria ya Kiingereza pamoja na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika kule tarehe 12 Agosti 1897. Ndiyo maana wakili wa Milimani bado anaweza kuanza hoja yake kwa kesi ya Uingereza na hakimu akamsikiliza.

Kutoka kwa ng'ombe mpaka kwa gari kuna safari ndefu, na chombo kilichoifupisha kilitengenezwa Marekani. Frank Marugg alikuwa fundi wa mji wa Denver ambaye pia alipiga fidla katika okestra ya mji huo. Ndiye aliyebuni chuma cha kufunga gurudumu. Polisi wa Denver walianza kukitumia mwaka 1955, na yeye akapata hataza yake mwaka 1958. Kilifika barabara za London mwaka 1983. Hadi hapo klampu ilikuwa mkononi mwa dola: polisi, barabara ya umma, sheria iliyopitishwa mchana kweupe.

Kisha watu binafsi wakaona hapa pana chapaa. Kwa nini uwaachie polisi peke yao? Unanunua vyuma vichache, unaongea na mwenye kiwanja au mwenye fleti, unabandika kibao, unakaa pembeni ukingoja. Miaka ya 1980 ikiisha na ya 1990 ikianza, biashara hiyo ilienea Uingereza yote, na watu wakaanza kuipeleka mahakamani.

Scotland ilijibu mapema na bila kuzunguka. Mwaka 1992 majaji wa huko waliamua kwamba kufunga gari la mtu kwenye ardhi ya kibinafsi na kudai pesa ili ulifungue ni unyang'anyi, na kwamba kumzuia mwenye gari kulitumia ni wizi. Mchezo ukaishia hapo.

England ilichukua njia nyingine, na ndiyo iliyonivutia zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 ilifika Mahakama ya Rufaa kesi kutoka Truro, mji mdogo wa Cornwall. Waliofunga gari walitaka pauni 40 ili walifungue. Na hebu fikiria, utetezi wao mmoja ulikuwa ule wa ng'ombe: gari limeingia kwetu bila ruhusa, kwa hivyo tuna haki ya kulizuia kama mifugo. Majaji hawakukubali. Ng'ombe alikula mahindi, lakini gari lililosimama tu limeharibu nini? Hata hivyo mwenye gari alishindwa, kwa sababu ya kitu kingine. Palikuwa na kibao. Alikiona, akajua kitakachompata, akaegesha. Kwa kufanya hivyo, wakasema majaji, alikubali mwenyewe.

Hapo ndipo kibao kilipopata nguvu. Tangu siku hiyo mwenye kutoza hakuhitaji kuthibitisha hasara. Alihitaji rangi, ubao na maandishi makubwa. Lakini nguvu hiyo nayo ina mpaka, na mpaka ulichorwa mwaka 2000. Mwanamke mmoja wa London alijisikia vibaya akiendesha, akasimamisha gari kwenye kiwanja cha watu ili atapike. Aliporudi alikuta limefungwa, na alitozwa pauni 105 ndipo aliachiliwe. Kibao kilikuwepo, ila gari lingine lilikuwa limekiziba. Mahakama ya Rufaa ikasema huwezi kukubali usichokiona. Akashinda.

Mwishowe Bunge la Uingereza lilichoka. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012 ikawa ni kosa la jinai, England na Wales, mtu binafsi kufunga gari la mwenzake bila mamlaka ya kisheria. Ungedhani biashara ilikufa. Haikufa, ilibadilisha vazi. Sheria hiyohiyo iliyopiga marufuku klampu iliruhusu kampuni kumdai mwenye gari aliyesajiliwa hata kama hakuwa yeye aliyeendesha. Kampuni hulipa ofisi ya serikali inayosajili magari pauni 2.50, zinapewa jina na anwani yako, halafu inakuja barua. Barua hizo zimeandikwa kufanana sana na faini za serikali, mpaka vifupisho vyake ni vilevile. Wengi hulipa kwa woga wakidhani wanadaiwa na dola, kumbe ni dai la kampuni kama dai lingine lolote.

Nimezitaja kesi hizi kwa sababu mbili za mwisho zinaingia moja kwa moja kwenye ploti yetu. Ya kwanza ni ya mwaka 2015, katika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Mwenye duka la chipsi aliegesha kwenye uwanja wa maduka ya Chelmsford ambapo saa 2 za kwanza ni bure. Akazidisha dakika 56, akadaiwa pauni 85. Alisema hiyo ni adhabu, na mtu binafsi hana mamlaka ya kuadhibu. Alishindwa. Mahakama ilisema kibao kilikuwa wazi, kampuni ilikuwa na sababu halali ya kutaka nafasi zizunguke ili wateja wengine wapate, na kiasi hakikupita mpaka. Kwa hivyo tusidanganyane: ada ya maegesho ya kibinafsi si haramu kwa kuwa tu ni ya kibinafsi.

Ya pili ni ya mwaka 2016, katika mahakama ya kaunti ya Oxford, na hii ni ya fleti hasa. Mkaazi mmoja alisimamisha gari karibu na mlango wa jengo lao kwa dakika chache ili aingize meza nyumbani kwake. Akakuta tikiti ya pauni 100. Alishindwa mara ya kwanza, akakata rufaa, akashinda. Jaji alisema kusimama ili kushusha mzigo si kuegesha, na kwamba maisha ya fleti hayawezekani kama anayeleta barua, maziwa au kochi atatozwa kila akisimama. Jambo la pili alilosema ndilo nililolipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mkataba wa nyumba ya yule mkaazi ulikuwa tayari unampa haki ya kufika mlangoni kwake. Usimamizi haukuwa na uwezo wa kuifuta haki hiyo kwa kuleta kampuni na kubandika kibao baadaye.

Ile ni mahakama ya chini na hukumu yake haimfungi mtu yeyote Nairobi. Lakini mantiki yake unaweza kuibeba. Kwenye kiwanja cha maduka wewe ni mgeni, na kibao ndicho mkataba wako. Nyumbani si mgeni. Una karatasi iliyotangulia kibao.

Sasa turudi Nairobi, kwa sababu sisi tuna historia yetu pia. Jiji hili lilipangwa likimwona Mwafrika kama mtu wa mguu. Kariokor ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwalaza wanaume wafanyakazi. Kaloleni, Ziwani na Makongeni zilijengwa kwa ajili ya vibarua na makarani ambao hakuna aliyetarajia siku moja watakuwa na gari. Upande ule mwingine wa jiji, Kilimani na Kileleshwa, palikuwa na bungalo zenye bustani, na gari lililala ndani ya ua. Baada ya uhuru, miaka ya 1970, Buruburu ikajengwa kwa ajili ya tabaka jipya la kati, watu wa kazi za ofisi ambao gari lilikuwa ndoto iliyo karibu. Kisha zikaja fleti. Bungalo ya familia moja ikabomolewa na mahali pake pakawa pa familia 40 au 60. Kipande cha ardhi ni kilekile. Magari ndiyo yaliyoongezeka.

Pamoja na fleti likaja fumbo la umiliki. Nyumba yako iko ghorofa ya 6, lakini lami iliyo chini ni ya nani? Kenya ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 1987, ila wengi hawakuifuata. Watu waliendelea kununua fleti kwa mikataba mirefu ya ukodishaji, huku ardhi yenyewe ikishikwa na kampuni ya usimamizi. Mwenye fleti alikuwa na funguo, na kampuni ilikuwa na ardhi. Ukitaka kujua mabavu ya usimamizi yalikotoka, anzia hapo. Sheria mpya ya mwaka 2020 iligeuza meza. Chini yake, wenye fleti ndio wanaounda shirika la jengo, na sehemu za pamoja ni mali yao kwa mafungu. Ejenti ni mtumishi wao. Kama kuna ada, inatoka kwao, kwa utaratibu wao. Haitoki kwenye lifti.

Na klampu? Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kusimamia trafiki na maegesho, na ndiyo maana kanjo akikufunga pale mjini utalalamika lakini unajua ana sheria nyuma yake. Soja wa ploti ana nini nyuma yake? Hata kodi yenyewe ya nyumba, ukiwa na deni lake, Sura ya 293 haimruhusu mwenye nyumba kumtuma mtu yeyote tu aje kubeba sofa yako. Lazima awe mtu mwenye kibali. Ikiwa kodi ina masharti hayo, inakuwaje ada iliyozaliwa juzi ukutani ikapewa nguvu zaidi?

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye barua. Tulikuwa wapangaji 11 tulioitia sahihi, na hatukubishana juu ya bei hata mara moja. Tuliuliza mambo matatu. Ni kifungu gani cha mkataba wa upangaji kinachotaja ada hii? Ni mkutano gani wa wenye fleti ulioipitisha, na kumbukumbu zake ziko wapi? Na pesa zinaingia akaunti gani?

Kabla jibu halijaja, mama wa ghorofa ya pili akafungwa. Ana Probox anayochukulia mboga sokoni Wakulima alfajiri na kusambazia vibanda vya mtaa. Siku hiyo alishuka saa kumi usiku akakuta chuma kwenye gurudumu. Nilisikia sauti yake kutoka dirishani. "Kijana wangu, hii ndiyo mkono yangu. Ukifunga hii umenifunga mimi." Soja akamjibu kwa upole, "Mathe, hata mimi nimetumwa. Nikikufungulia nafutwa." Alituma 3,000 kwa simu ya soja, kwa nambari ileile ya kwenye tangazo. Alifika sokoni jua limetoka na bei zimepanda. Hakupewa risiti.

Jibu la barua lilichukua wiki 3. Halikujibu swali hata moja, lilisema tu kwamba "taratibu za jengo zifuatwe". Basi kila mmoja wetu akampigia mwenye fleti yake. Wangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Nyeri. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mwanangu, mimi nilinunua nyumba pamoja na pa kuegesha. Iko kwa karatasi." Akanitumia picha ya ukurasa huo siku hiyohiyo. Nafasi ilikuwa pale, na nambari yake. Ejenti alikuwa anatuuzia kitu ambacho kilishauzwa zamani, tena akiwauzia wapangaji wa mtu aliyekinunua.

Ningependa kusema hadithi ilikuwa ya wema dhidi ya wabaya, lakini kijana wa ghorofa ya tano aliniharibia. Yeye hana gari. Kwenye mkutano alisimama akasema, "Nyinyi mnaongea haki, sawa. Lakini lami, taa, maji ya kuoshea magari, yote yanatoka kwa ada ya huduma. Kwani mimi nawalipia nini?"

Ni swali zuri, na lina historia ndefu kuliko la klampu. Mji wa Columbus, Ohio, uliwataka wajenzi wa fleti watenge nafasi za magari tangu mwaka 1923, na miji mingi duniani ikafuata wazo hilo. Mchoro wa fleti unaopelekwa kaunti ya Nairobi kuidhinishwa nao huonyesha maegesho. Mwaka 2005 profesa Donald Shoup wa Los Angeles alichapisha kitabu kizima akieleza kwamba maegesho ya bure si ya bure. Gharama yake inafichwa kwenye kodi ya nyumba na bei ya vitu, na asiye na gari anaibeba pamoja na mwenye gari. Japani iliamua tangu mwaka 1962 kwamba anayetaka gari aonyeshe kwanza ana mahali pa kuliweka. Kwa hivyo yule kijana hakuwa anapiga porojo. Anadai kitu ambacho jiji lote linamdai mwenye gari na halijawahi kumwambia.

Wenye fleti walikutana Machi, wengine kwa simu wakiwa nje ya nchi. Klampu iliondolewa. Nafasi zilizo kwenye karatasi za fleti zikabaki bila ada. Gari la pili linalipiwa 1,500, inayoingia akaunti ya jengo kwa risiti, na kiasi hicho kinapunguza ada ya huduma ya kila mtu, hata wa mguu. Mimi sina ugomvi na hiyo. Ni ada yenye mzazi.

Mama wa ghorofa ya pili hakurudishiwa 3,000 zake. Nilimweleza kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Aliniuliza kesi itasikizwa saa ngapi. Nikamwambia asubuhi. Akasema asubuhi ndiyo biashara yake. Juu ya hayo, ujumbe wa simu unaonyesha alimtumia soja pesa, hauonyeshi ni za nini, na soja alishafutwa kazi mwezi huohuo. Ejenti anasema hajui lolote.

Kwa hivyo karatasi ikibandikwa kwenu, usianze na bei. Ukianza na bei umeshakubali kwamba anayetoza ana haki, na kilichobaki ni kupatana. Tafuta mkataba wako usome neno maegesho limetajwa wapi. Mpigie mwenye fleti, maana huenda hata yeye hajui. Uliza kuhusu mkutano na kumbukumbu zake. Na ukilazimika kulipa ili uwahi kazi, lipa, lakini dai risiti yenye jina la anayetoza na sababu ya malipo. Watu wa Truro walijaribu kusema gari ni ng'ombe, na majaji wakawauliza hasara iko wapi. Sisi tuulize hivyohivyo, tukiwa na karatasi mkononi.